Kikapu Kilichojijaza Chenyewe

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwanamke huyu alishtuka kila alipoona simu imeinuliwa usawa wa uso wake.

Uchochoroni walimwita Fundi Mgeni, ingawa mwaka ulikuwa umeshapita tangu ashushe cherehani yake kwenye chumba cha mbele cha shangazi yake. Mgeni ni mgeni mpaka watu wajue alikotoka, na yeye hakusema. Ukimpelekea gauni la kupunguza, atalipunguza hata wewe usahau kwamba liliwahi kukupwaya. Ukimuuliza kwao ni wapi, atakuuliza unataka pindo refu au fupi.

Wateja walikuwa na ugomvi mmoja tu naye, wa picha. Mtu kavaa nguo yake mpya, kajigeuza mbele ya kioo, kaipenda, anatoa simu. "Fundi, njoo tupige moja nikuweke kwenye stetasi, upate wateja." Hapo Fundi anainama chini ya cherehani kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Ipige nguo. Mimi si nguo."

"Unajificha nini? Umeiba mume wa mtu?"

"Wangu mwenyewe nilimwacha, wa mwenzangu wa nini?"

Watu wanacheka, mambo yanaisha. Hawakujua kwamba katika yote aliyowahi kuwaambia, hilo ndilo lililokuwa kweli.

Mume aliyemwacha alikuwa dereva wa malori ya masafa. Mtu mpole wa sauti, wa kusalimia wazee kwa mikono miwili. Mkono wa tatu aliuacha nyumbani. Akirudi safari, kabla hajavua viatu, alikuwa ananyoosha kiganja mbele ya mkewe na kusema, "Lete simu." Hakupaza sauti. Anakaa, anasoma jumbe moja baada ya nyingine, anauliza: huyu nani, na huyu, mbona huyu kaweka moyo. Siku moja akakuta namba asiyoijua, ya mteja aliyeulizia suruali za watoto wake. Akauchukua mkono wa kushoto wa mkewe, akauweka chini ya kifuniko cha mbao cha cherehani, akakalia kifuniko. Vidole viwili viliunga vibaya. Simu aliitupa ukutani kioo kikatawanyika, kisha akaomba chai.

Dereva aliposafiri tena, mkewe aling'oa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakitia kwenye gunia, akamshika mtoto mkono, akaondoka bila kuaga hata jirani. Laini ya simu aliichoma kwenye makaa mpaka ikanuka kama ukucha. Nywele alizikata. Simu mpya aliisajili kwa jina la shangazi. Mtoto wao, binti wa miaka tisa waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo, alifundishwa jibu moja la kuwapa watu wote: tumetoka kijijini. Na Chiriku, pamoja na kelele zake zote, jibu hilo alilitunza kama jino la dhahabu.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi, alikuwa dobi wa hospitali mpaka nyonga zikakataa. Alikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Mlango huo aliupaka rangi ya kijani iliyobaki siku walipopaka wadi, akauandika namba ya nyumba kwa chokaa, na hakukuwa na mwingine kama huo mtaa mzima. Alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, anasema kwa kushika watu masikio.

"Mwanangu," alimwambia Fundi siku ile anashusha gunia, "hapa utalala. Kulala usingizi ni shauri lako."

Na Fundi akaanza kulala usingizi. Hilo lilichukua miezi, lakini akalala.

*

Cherehani ndiyo iliyoanza matatizo. Wakunga wa zahanati ya jirani walikuwa wamempa kazi ya aproni zao, kazi kubwa kuliko zote alizopata tangu afike, na katikati ya kazi mashine ikagoma. Kilichokufa ni kile kichuma cha duara kinachozunguka chini, kinachoukamata uzi wa bobini na kuufunga na uzi wa juu. Bila hicho sindano inatoboa kitambaa tu, haishoni kitu. Fundi alizunguka maduka yote ya vipuri. Mzee mmoja alikigeuza mkononi, akakirudisha kwa heshima.

"Cherehani ya umri huu, mama, mafundi wake wamezikwa nayo."

Chiriku ndiye aliyekipata, kwenye simu, katika duka la mtandaoni. Kipo, picha ipo, kinatoka ng'ambo ya mji. Lakini duka lilikuwa na sheria yake: mteja mpya alipe kwanza. Mteja wa siku nyingi, mwenye nyota zake, analipa mzigo ukimfikia mkononi.

"Lipa, mwanangu, yaishe," Shangazi alisema toka kitandani.

"Shangazi, mimi niliwahi kuagiza mkasi kwa kulipa kwanza. Nikaletewa picha ya mkasi, imekunjwa vizuri kwenye bahasha."

"Basi mkasi huo ni mkali. Umekukata mpaka leo."

Walicheka. Lakini Fundi ni mtu wa kushika kitu kwa vidole kwanza. Kitambaa hukijua kwa kukisugua, uzi kwa kuuvuta, na kulipia kitu ambacho hajakigusa aliona sawa na kukata nguo bila kupima. Akafikiri. Kisha akakumbuka akaunti yake ya zamani kwenye duka lilelile. Miaka mingi alinunua humo vifungo na zipu na nyuzi. Alikuwa na nyota humo, alikuwa na jina.

"Mama, si ulisema vya zamani vyote tulivitupa?" Chiriku aliuliza.

"Tulitupa laini. Hii haina laini, ina neno la siri tu. Na neno liko kichwani kwangu."

Neno lenyewe lilikuwa jina halisi la Chiriku na mwaka aliozaliwa. Aliliandika kwa kidole kimoja. Duka likafunguka na kumkaribisha kwa jina lake la ndoa, na Fundi akageuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Lakini akajikaza. Akafuta anwani ya kule. Akafuta namba ya zamani. Akaandika namba mpya, anwani ya uchochoroni, jina la Shangazi. Alifanya kwa makini, hatua kwa hatua, kama anayefumua mshono wa mtu mwingine, na alipomaliza akaona amemaliza.

Chini ya kioo duka lilikuwa limepanga picha ndogondogo, na juu yake pameandikwa: Ulivyotazama karibuni. Taa za lori. Mnyororo wa kufungia mizigo. Baiskeli ya mtoto wa kike, ya rangi ya waridi, yenye kikapu mbele.

"Hawa na matangazo yao," Fundi alisema. "Lori la nani hapa?"

"Baiskeli nzuri lakini, Mama."

"Nzuri. Ila ikiingia humu ndani, wewe utalala nje."

Akabonyeza, akaagiza kichuma chake.

*

Mizigo ya mtaa ule ililetwa na mtu mzima mmoja mwenye pikipiki, aliyeitwa Mzee Helmeti kwa sababu kofia yake ya chuma hakuivua hata akinywa maji. Alifika asubuhi, akapiga honi, akatoa kiboksi. Fundi alikifungua palepale, akakigusa kichuma, akakipima na cha zamani, akaridhika, akalipa.

"Haya, simama na mzigo wako, mama, nipige picha."

"Sipigwi."

"Kampuni haitaki maneno, inataka picha. Zamani watu tuliaminiana, siku hizi tunapigana picha."

"Piga mlango."

"Mlango ndio uliopokea mzigo?"

"Mlango huu umepokea wengi, mzee wangu. Piga."

Mzee Helmeti alicheka ndani ya kofia yake. Akakiweka kiboksi kizingitini. Fundi alimvuta Chiriku kwa ukosi wa shati mpaka nyuma ya pazia, naye akarudi nyuma. Picha ikapigwa: mlango wa kijani, namba ya chokaa, kiboksi. Na ndala mbili ndogo za bluu, ambazo Chiriku alizivua hapo alipokuwa anaingia. Mtoto alivutwa ndani, ndala hazikuvutwa. Picha ikaenda inakokwenda, Mzee Helmeti akaondoka, na mchana wote cherehani iliimba.

Jua lilikuwa linazama, Fundi anapiga pasi aproni, Chiriku kajilaza sakafuni na simu anampa muuzaji nyota zake.

"Mama, umeninunulia baiskeli?"

"Baiskeli gani?"

"Iko kwenye kikapu. Ile ya waridi."

Kikapu cha duka, pale unapoweka vitu kabla ya kuviagiza. Fundi alikuja na pasi mkononi, akaangalia. Kweli, baiskeli ilikuwemo.

"Umebonyeza wewe."

"Sijabonyeza, wallahi."

Fundi akaitoa. Kikapu kikawa kitupu. Akarudi kupiga pasi, na kabla hajaigusa aproni Chiriku akasema, "Imerudi."

Wakaitoa tena. Safari hii wote wawili walikaa wanatazama, na baiskeli ikaingia mbele ya macho yao, hakuna aliyegusa kioo. Shangazi alishika ukuta akaja naye. "Labda simu ina homa," alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Baiskeli ikakaa. Baada ya muda kikaingia kitu kingine juu yake: kufuli kubwa la chuma. Halafu viatu vya mtoto, vyeusi, vya mkanda. Fundi alisoma namba ya viatu. Ilikuwa namba aliyovaa Chiriku siku waliyoondoka. Miguu ilikuwa imeshaipita.

Pasi ilikuwa imeachwa juu ya aproni, chumba kikaanza kunuka kitambaa kinachoungua, na hakuna aliyekwenda kuiinua.

Kisha kufuli likatoka. Viatu vikatoka. Ikabaki baiskeli, na baiskeli ikaacha kuwa kitu cha kikapuni ikawa agizo, limelipiwa, litafika baada ya siku tatu, kwa anwani ya uchochoroni. Chini ya agizo, mahali pa maneno ya zawadi, yalijiandika maneno haya: Mlango wa kijani umependeza. Mwambieni mwanangu asiache ndala nje.

Chiriku alisoma kwa sauti, kwa mazoea yake ya kusoma kila kitu kwa sauti. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena bila sauti.

"Ni Baba?"

"Nipe simu, mama'ngu."

"Ngoja." Yule mtoto alifungua sehemu ya mipangilio, vidole vinajua njia. Yalitokea maandishi: Simu zilizofungua akaunti hii. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa hiyo waliyoshika. "Hii ya pili ni ile yako, Mama. Ile aliyoipiga ukutani."

"Ile ilikufa."

"Kilikufa kioo," Chiriku alisema. "Kioo kinabadilishwa."

Mbele ya simu ya pili palikuwa na jina la mji. Mji wao wa zamani. Inatumika sasa hivi.

Fundi alikaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. "Nilivuta uzi wa juu tu, Shangazi," alisema. "Wa chini nikauacha umeshika." Kwa sababu mshono wa cherehani una nyuzi mbili, na yeye amelijua hilo tangu akiwa na umri wa Chiriku: ukivuta mmoja, nguo inaonekana imeachia, kumbe mwingine bado umeishikilia chini. Kwa nguo ya mteja asingekosea hata akiwa amefumba macho.

Kidole cha Chiriku kilikuwa juu ya maneno Ondoa simu nyingine zote.

"Usiguse!" Shangazi alifoka. "Ukifunga dirisha utajuaje amefika wapi?"

"Lakini naye anatuona, Bibi. Picha ya Mzee Helmeti iko humuhumu kwenye agizo, na sisi tumeandikwa mji wetu."

"Ameshatuona. Nyoka akishaingia ndani, usizime taa."

Hawakuizima.

*

Asubuhi walikwenda kituo cha polisi, Fundi na mwanawe. Askari wa zamu alisikiliza akiwa anachovya mkate kwenye chai. Aliichukua simu, akasoma, akairudisha.

"Sasa kosa hapa ni lipi? Mtu kamnunulia mwanawe baiskeli."

"Amejua tunapokaa. Sikumwambia."

"Umeweka anwani mwenyewe kwenye akaunti mnayotumia wote. Si ndiyo kumwambia huko?"

Fundi aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, vile vidole viwili vikaonekana vinavyotazama upande wao. "Alifanya hivi."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Uliripoti?"

Fundi aliuondoa mkono mezani.

"Mama, mimi nina mke," askari alisema, na kwa kweli alisema kwa upole. "Ugomvi wa ndani una wazee wake. Akija akikupiga, njoo."

"Nikishindwa kuja?"

"Basi watakuja majirani." Akachovya mkate.

Walipotoka nje Chiriku alitazama simu. Mji ulikuwa umebadilika. Ile simu ya pili haikuwa tena kule walikotoka. Ilikuwa kwenye mji wa daraja, katikati ya njia. Fundi aliijua njia ile kwa maneno ya mumewe mwenyewe: ukivuka daraja, jua likizama umefika.

Nyumbani hakukuwa na mengi ya kufunga. Nguo za mtoto, vyeti, mkasi. Fundi aliingiza mikono chini ya kichwa cha cherehani kukiinua, kama alivyokiinua mara ya kwanza, na Shangazi akampiga kofi la mkono.

"Acha chuma. Bebeni miguu yenu."

"Na wewe, Shangazi. Twende wote."

"Mimi na nyonga hizi? Mtakwenda kwa mwendo wangu, atawapita njiani awasubiri mbele."

"Sikuachi hapa."

"Utaniacha. Na hiyo simu utaiacha pia."

Fundi hakuelewa mara moja. Shangazi alinyoosha kiganja, na Fundi akasita, kwa sababu kiganja kilichonyooshwa kusubiri simu alikuwa anakijua.

"Ikionekana iko hapa, yeye anakuja hapa," Shangazi alisema. "Ikionekana inatembea, anaifuata inakotembea. Nitaitia chaji. Nitakaa nayo kama yai. Akifika atanikuta mimi, kizee. Atafanya nini na kizee? Nimefua mashuka ya damu maisha yangu yote, mwanangu, sauti ya mwanaume hainitoi jasho."

"Hapazi sauti, Shangazi. Hilo ndilo tatizo lake."

"Basi tutaelewana. Mimi masikio yenyewe yameanza kwenda."

Chiriku alimkumbatia bibi yake kiunoni na hakutaka kuachia, mpaka yule mzee akamwambia, "Nenda, au baiskeli ikija nitaipanda mwenyewe." Ndipo mtoto akaachia. Fundi aliwapitia majirani wawili, wateja wake, akawaomba wamwangalizie Shangazi jioni ile. Hakuwaambia kwa nini. Mwaka mzima alikuwa amefanya kazi ya kutokusema, na siku aliyotakiwa kusema mdomo haukufunguka. Wakamwitikia: usijali, Fundi, tuko macho.

Kweli walikuwa macho.

*

Mji waliofikia haukuwa na mtu wao. Walipata kitanda katika chumba cha wasafiri kilichokuwa na dirisha la wavu, na siku mbili Fundi alijizuia. Siku ya tatu moyo ulimshinda. Namba ya Shangazi ni ile waliyoiacha, hiyo hakuthubutu. Majirani namba zao zilibaki ndani ya simu. Lakini kile kiboksi cha kichuma kilikuwa kwenye mfuko wake, ametilia humo sindano, na pembeni yake iliandikwa namba ya aliyeleta mzigo.

Akaazima simu ya muuza vocha aliyekaa kwenye kibanda chini ya mwavuli. "Dakika moja tu, dada," alisema, na yule muuza vocha akamwambia hata mbili.

"Nani?" ilikuwa sauti ya Mzee Helmeti, ndani ya kofia.

"Mzee wangu, ni yule wa mlango wa kijani."

"Heh! Mama! Wewe uko wapi? Huku watu wanakutafuta! Pole kwa msiba, maana ni kama msiba. Wezi wameingia kwenu."

"Wezi?"

"Mlango wameung'oa, bawaba nje. Bibi amevunjwa nyonga, na vidole vya mkono mmoja, sijui walimfanyaje. Hajaamka vizuri mpaka sasa, yuko hospitali, ileile alikokuwa akifua. Na simu nayo hawakuiacha. Lakini Mungu si mtu, mama, Mungu alimleta mumeo."

Fundi alishika nguzo ya mwavuli.

"Aliwasili jioni ileile. Kawasalimia watu wote uchochoroni, mikono miwili, mtu mwenye adabu, nao wakamwonyesha nyumba. Anasema kakuta mlango umeshavunjwa, kizee kiko chini. Kambeba mgongoni mwenyewe mpaka barabarani! Tangu siku hiyo hajatoka kando ya kitanda cha bibi. Anamlisha kwa kijiko. Manesi wanamsifu, wanasema mkwe kama huyu haonekani siku hizi. Na wewe ulikuwa unasema ulimwacha! Wanawake nyie."

"Mzee wangu, nisikilize. Si wezi. Usimwambie kwamba..."

"Subiri, mama, mbona unalia? Mimi niko hapahapa hospitali, nimemletea baiskeli ya mtoto asaini. Ameacha neno kwamba ukipiga popote tumwite. Huyu hapa anakuja..."

Kulikuwa na kelele za wadi, kitanda cha magurudumu kinapita, mtu anakohoa. Kisha, si karibu sana na simu, ikasikika sauti pole ya mtu asiye na haraka.

"Lete simu, mzee wangu."

Fundi alikata. Alikitazama kioo kilivyobaki kinawaka mkononi mwake, na juu yake namba ya Mzee Helmeti, na akajua kwamba kule wadini, kwenye kioo kingine, inawaka namba ya mwanamke huyu wa vocha. Simu ikaanza kulia kabla hajairudisha.

"Wanakupigia," muuza vocha alisema, ananyoosha mkono.

"Usipokee, dada. Nakuomba."

"Sipokei leo, kesho je? Hii ndiyo namba ya biashara yangu."

"Akiuliza, sema hukuniona."

Yule mwanamke alimtazama vidole, akatazama nywele zilizokatwa, akamtazama mtoto aliyekuwa amekaa kwenye jiwe na mfuko magotini. Simu ilinyamaza, ikaanza tena. Hakuipokea. Lakini hakusema pia atakayoyasema.

Fundi akamwendea mwanawe, akauchukua mfuko. Chiriku aliinuka bila kuuliza wanakwenda wapi, maana alishaanza kujifunza. Aliuliza jambo moja tu, wakiwa wameshaanza kutembea.

"Bibi anasemaje?"

Fundi alikaza mwendo. Nyuma yao simu ilikuwa bado inalia.

"Anasema baiskeli imefika," alijibu. "Anasema ni ndogo, isingekutosha."